Wanafunzi 40 Ambao Hawamo Kwenye Mkeka

Maelezo kwa wakuu wa shule, walimu wa taaluma na wajumbe wa bodi za shule za sekondari za kata, kikao cha tathmini ya matokeo ya kidato cha nne

Ndugu Mwenyekiti, Afisa Elimu Kata, wakuu wa shule, walimu wa taaluma, wajumbe wa bodi na wazazi: itifaki imezingatiwa, na muda tuliopewa si mrefu, kwa hiyo tuingie kazini.

Kila mwaka mkeka, yaani orodha ya matokeo ya shule, ukitoka simu zinaita, na swali ni lilelile: "Mmepata ziro ngapi?" Swali hilo lina uzito wake, ila linaanzia mwisho wa safari. Mkeka wa Baraza la Mitihani la Tanzania unahesabu waliofika kwenye chumba cha mtihani. Walioanza nao kidato cha kwanza wakapungua njiani hawamo. Tena hausemi hao waliofika wanatoka kitongoji gani, wanaishi na nani, wala waliingia sekondari na alama zipi. Shule isiyowajua wanafunzi wake kwa kiwango hicho haiwezi kueleza kwa nini wamefeli, wala kwa nini wamefaulu. Itaongeza kambi za masomo, itaongeza vipindi vya jioni, na mwakani itasubiri tena simu ziite.

Tukumbushane kwanza hesabu ya divisheni, yaani madaraja ya matokeo, maana wapo wajumbe wa bodi wanaoisikia redioni tu. A inaanzia alama 75, B 65, C 45, D 30. Chini ya hapo ni F. A ina pointi 1, F ina pointi 5. Yanachukuliwa masomo 7 ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ndiyo ziro. Pointi zikipungua matokeo yanapanda, na GPA ya kituo, yaani wastani wa pointi za shule, nayo inakwenda hivyohivyo: 2.1 ni bora kuliko 3.9. Bado kuna bodi zinazopongezana kwa sababu GPA "imepanda".

Sasa tazameni mpaka wa ziro. Mtoto mwenye F saba ana pointi 35. Akipata D moja ana 34, bado ni ziro. Akipata D mbili, au C moja peke yake, ana 33, na hapo anahesabiwa amefaulu. Vyuo vya ngazi ya cheti kwa kawaida vinataka ufaulu wa masomo manne, na D nne ni pointi 31. Maana yake kila mwenye 32 au 33 yumo kwenye asilimia ya ufaulu tunayoitangaza, lakini akienda na cheti hicho chuoni anarudishwa getini. Kitaifa, kwenye mtihani wa 2023, ufaulu ulikuwa karibu asilimia 89, na waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa kama asilimia 37. Zaidi ya nusu ya watahiniwa wote wamekaa katikati ya namba hizo mbili. Kwa hiyo shule ikituletea daraja la nne kama fungu moja tunaomba ilivunje: wenye 26 hadi 31 upande huu, wenye 32 na 33 upande ule.

Divisheni inaficha pia Hisabati. Mwanafunzi anayefanya masomo 9 anaweza kupata F ya Hisabati na F nyingine moja, na zote mbili zikaachwa nje ya hesabu. Mwenye masomo 7 ya lazima tu, F hiyo inambana palepale. Kwa miaka ya karibuni wanaofaulu Hisabati nchini wamekuwa kama robo ya watahiniwa. Ukiona shule imepunguza ziro, fungua jedwali la masomo chini ya mkeka uone kama Hisabati imesogea au watoto wameongezewa masomo ya kuifunika.

Tuchukue shule ya mfano. Ni ya kubuni, ila kila mkuu aliyepo hapa ataitambua. Shule ya kutwa, kidato cha kwanza waliripoti 160: wasichana 86, wavulana 74. Miaka minne baadaye mkeka unaonyesha waliofanya mtihani ni 101. Daraja la kwanza 3, la pili 8, la tatu 16, la nne 58, ziro 16. Waliofaulu ni 85 kati ya 101, sawa na asilimia 84. Mkuu wa shule anapigiwa makofi, na kweli walimu wamefanya kazi.

Wale wengine wako wapi? Hapo ndipo mwalimu wa taaluma anafungua rejesta ya kidato cha kwanza ya mwaka ule na kufuata jina moja baada ya jingine. Kati ya 160, waliofika mtihani kwa wakati ni 92. Wale 9 wanaokamilisha 101 ni wakariri wa kundi lililotangulia, au walihamia kutoka shule nyingine. Waliosajiliwa wasitokee siku ya mtihani ni 3. Walioshindwa upimaji wa kidato cha pili wakakariri, na sasa wako kidato cha tatu, ni 11. Waliohama kwa barua ni 14. Jumlisheni: 92, 3, 11 na 14 ni 120. Wamebaki 40.

Hao 40 hawana barua ya uhamisho, hawana cheti, hawamo kwenye ziro. Kwenye rejesta wameandikwa "mtoro", na wengine hawakuandikwa kitu, mstari umeishia katikati ya mwezi wa tano.

Rudieni sasa hesabu ya ufaulu. Tuwatoe 14 waliohama, maana shule nyingine inawahesabu. Kundi linabaki na 146. Kati ya wale 92 waliofaulu ni 79. Hiyo ni asilimia 54. Waliopata daraja la kwanza hadi la tatu ni 24, asilimia 16. Wale 11 wa kidato cha tatu safari yao haijaisha, kwa hiyo namba hizi zitapanda kidogo mwakani, na tuandike hivyo pembeni. Lakini asilimia 84 na asilimia 54 zinaeleza shule ileile. Ya kwanza inaeleza mtihani, ya pili inaeleza watoto waliokabidhiwa kwetu.

Kosa linalotokea sana katika kazi hii ni kufuata majina. Mtoto aliingia kama Mwajuma Saidi, kidato cha pili akaandikwa Mwajuma S. Juma, cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanajuma. Ukifuata jina utapata watoro watatu ambao ni mtoto mmoja aliyekaa darasani miaka yote. Fuateni namba ya PREM, ile aliyotoka nayo shule ya msingi. Mahali ilipokosekana, tafuteni kwanza ndipo muendelee. Kosa la pili ni kuanza na waliosajiliwa kidato cha nne kisha kurudi nyuma. Kwa njia hiyo aliyeondoka hatapatikana kamwe, maana hayupo kwenye orodha mliyoanza nayo.

Tuje kwenye jinsi. Mkeka wenyewe unatoa mstari wa wasichana na mstari wa wavulana. Katika shule yetu ya mfano wasichana waliofanya mtihani ni 50, na waliopata daraja la kwanza hadi la tatu ni 10, asilimia 20. Wavulana ni 51, waliopata ni 17, asilimia 33. Hapa vikao vingi husimama na kuagiza "mkakati wa mtoto wa kike", na mara nyingi mkakati wenyewe ni semina ya siku moja.

Msisimame hapo. Chukueni wasichana haohao muwagawe kwa safari ya kuja shule. Wanaokaa hosteli au wanaofika kwa chini ya saa moja ni 22, na 7 wamepata daraja la kwanza hadi la tatu: asilimia 32. Wanaotembea zaidi ya saa moja ni 28, waliopata ni 3: asilimia 11. Fanyeni vivyo hivyo kwa wavulana. Wa karibu ni 24, waliopata 9, asilimia 38. Wa mbali 27, waliopata 8, asilimia 30. Kwa wanaoishi karibu, msichana na mvulana wanakaribiana. Kwa wanaotoka mbali, pengo ni kubwa, na linaangukia kwa msichana zaidi kwa sababu akifika nyumbani saa kumi na moja jioni anasubiriwa na maji, kuni na chungu, wakati kaka yake ana japo nusu saa ya mwanga wa kufungua daftari.

Tahadhari moja. Mafungu haya ni madogo. Kwenye fungu la watu 22, mtoto mmoja akibadilika asilimia inasogea kwa karibu 5. Kwa hiyo 32 na 38 msizijengee hoja. Lakini 32 na 11, ikijirudia miaka miwili au mitatu kwa makundi tofauti, hiyo si bahati mbaya tena. Wekeni miaka mitatu pamoja kabla ya kwenda kuomba bweni halmashauri.

Umbali usiulizwe kwa kilomita. Mtoto atasema kilomita 5 kwa sababu kila mtu kijijini husema hivyo. Ulizeni dakika, na muulize mara mbili: kiangazi na masika. Kuna kitongoji kilichoko dakika 40 mwezi wa nane, ambacho mwezi wa nne mto ukijaa kinakuwa saa mbili au hakifikiki kabisa. Na wale wa mageto, ambao wazazi wao wamewapangishia chumba mtaani, wapewe safu yao. Ukiwaweka na wa karibu utaharibu hesabu, maana dakika zao ni chache lakini wanaishi bila mtu mzima, wanajipikia, na fedha ya wiki ikiisha siku ya Jumatano hawaji Alhamisi.

Kuna jambo la alama za kuingilia sekondari ambalo walimu hulaumiwa bure. Mtihani wa darasa la saba una karatasi 6 za alama 50, jumla 300. Daraja A linaanzia 241. Mwenye 121 amefaulu kwa daraja C, naye anapangiwa sekondari. Wenye alama za juu kabisa huchukuliwa na shule maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora. Wengine wanakwenda bweni za kawaida na shule za ufundi. Shule ya kata ya kutwa inapokea waliobaki. Kuiweka kwenye orodha moja na Kibaha ni kupima mavuno bila kuuliza mbegu. Tangu matokeo ya mtihani wa 2022, yaliyotoka Januari 2023, Baraza limeacha kutangaza shule kumi bora, na tunaona lilifanya vema, ingawa mitandaoni watu wanaendelea kujitengenezea orodha zao.

Kilicho cha haki ni kulinganisha mtoto na alama alizoingia nazo. Matokeo ya darasa la saba yanaonyesha daraja la kila somo. Chukueni walioingia na C ya wastani, mtazame wamefika wapi kidato cha pili na cha nne. Shule inayochukua watoto wa C na kutoa daraja la tatu kumi imefanya kazi kuliko inayochukua watoto wa A ikatoa daraja la pili kumi. Safu ya kutazama kwa jicho kali ni ya Kiingereza. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, ametoka na D au E ya Kiingereza, na Januari anakutana na Baiolojia, Historia na Jiografia kwa lugha hiyo. Kozi ya awali ya kidato cha kwanza ipo kwa ajili yake, lakini shule nyingine huifupisha kwa sababu watoto wanaripoti kwa mafungu hadi mwezi wa tatu. Waliochelewa kuripoti wawekwe alama kwenye rejesta: ndio waliokosa kozi, na mara nyingi ndio haohao ambao mzazi alikuwa bado anatafuta sare na viatu.

Kujua kama tatizo ni lugha au ni somo lenyewe, kuna kipimo kisicho na gharama. Baada ya mtihani wa moko, ule wa majaribio, chukueni karatasi 20 zenye F katika somo moja, tuseme Historia. Msizisahihishe upya. Kila swali liwekeni kwenye fungu moja kati ya matatu: limeachwa wazi, limejibiwa jambo ambalo halikuulizwa, limejibiwa lililoulizwa lakini kwa makosa. Fungu la kwanza na la pili yakiwa mazito, mtoto hakulielewa swali. Utakuta ameulizwa "explain", yeye ameorodhesha vichwa vitano bila sentensi, kwa kuwa hajawahi kuonyeshwa tofauti ya neno hilo na "state". Mtoto huyohuyo ana B ya Kiswahili. Ukimwongezea vipindi vya Historia hujamsaidia. Mpe wiki mbili za maneno ya maswali, kila neno na jibu lake la mfano. Fungu la tatu likiwa zito, hapo ndipo tatizo ni mada, na mwalimu wa somo arudi kwenye mada zilizoonekana.

Mahudhurio. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto anayekosa siku moja kila wiki, siku ya gulio kwa mfano, anakosa karibu siku 39, ambazo ni kama wiki nane za masomo, na bado kwa wastani wa mwezi anaonekana ni wa asilimia 80, hivyo haitwi mtoro. Msitazame asilimia pekee, tazameni ni siku gani. Utoro wa Ijumaa mchana una sababu yake, wa siku ya mnada una sababu nyingine, na wa mwezi wa kulima unajulikana.

Na chakula. Wazazi mnauliza kila kikao ni kiasi gani, tuwape hesabu. Tukikadiria gramu 150 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa mwanafunzi kwa siku, kwa siku 194, ni kilo 29 za mahindi na karibu kilo 8 za maharage kwa mwaka. Kwa wanafunzi 100 ni magunia 29 ya kilo 100 na maharage magunia 8. Kwa mahindi ni debe moja na zaidi kidogo ya nusu kwa kila mtoto, basi. Mchango ukusanywe baada ya mavuno, wakati debe ni rahisi, kwa makubaliano ya mkutano wa wazazi, na asiyetoa asifukuziwe mtoto. Mahali pengi mpango huu huvunjika stoo: mahindi hayakukaushwa, yamewekwa sakafuni bila chaga, mwezi wa kumi yamepekechwa.

Kwenye kukusanya taarifa zenyewe, kauntabuku moja inatosha, kompyuta ikiwepo ni nafuu. Safu ni hizi: namba ya PREM, jinsi, mwaka wa kuzaliwa, kitongoji, dakika za kutembea kiangazi na masika, anaishi na nani, taa ya nyumbani, daraja la wastani na la Kiingereza la darasa la saba, tarehe aliyoripoti, matokeo ya kidato cha pili, matokeo ya kidato cha nne au sababu ya kuondoka na tarehe. Walimu wawili kwa wanafunzi 160 wanamaliza kwa jioni tatu. Umaskini msiuulize uso kwa uso. Taa ya nyumbani, kama ni umeme, sola, kibatari au hakuna, inatoa picha ya kutosha bila kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake. Yatima aandikwe amefiwa na nani na sasa analelewa na nani, maana anayekaa kwa bibi na anayekaa kwa baba mdogo mjini hawana shida moja. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi. Arudipo aandikwe kwenye kundi lake jipya bila alama yoyote pembeni ya jina. Daftari hili linafungiwa ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu na sisi, na kwenye ubao wa matangazo au kwenye kikao fungu lenye watoto chini ya 5 lisisomwe, kwa sababu kijiji kizima kitawajua.

Mnapolinganisha miaka, kumbukeni vigezo havijatulia siku zote. Matokeo ya mtihani wa 2012 yalitoka Februari 2013 yakiwa na ziro asilimia 60 hivi. Serikali ikaamuru yapangwe upya, na ufaulu ukapanda kutoka kama asilimia 34 hadi 43, kwa karatasi zilezile na watoto walewale. Mwaka uliofuata madaraja ya alama yakabadilishwa, mtihani wa 2014 ukatolewa kwa GPA, na wa 2015 tukarudi kwenye divisheni. Mchoro wa ufaulu wa shule unaovuka miaka hiyo bila maelezo hauonyeshi kitu. Anzieni 2015 kuja huku.

La mwisho halipendezi kusemwa, lakini mbele ya bodi lisemwe. Ufaulu ukipimwa kwa waliofanya mtihani peke yao, njia rahisi ya kuupandisha ni kupunguza wanaoufanya. Mtoto dhaifu anaambiwa akahamie kwingine, mtoro wa kidato cha tatu hafuatwi nyumbani kwa sababu kurudi kwake ni ziro moja zaidi. Asilimia inapanda. Bodi ikiwa na namba ya walioanza pembeni ya namba ya waliofanya, jambo hilo linaonekana siku hiyohiyo, na mkuu wa shule analielezea mwenyewe.

Kwa kikao kijacho, mwezi wa sita, hatuombi ripoti ndefu. Kila mkuu aje na karatasi moja: walioripoti kidato cha kwanza miaka minne iliyopita, waliofanya mtihani, waliohama kwa barua, waliokariri, na wale ambao hawajulikani walipo. Mbele ya kila jina katika hao wa mwisho iandikwe nani alikwenda nyumbani kwake, tarehe gani, na alimkuta nani. Watendaji wa vijiji wameshaelezwa, watawapokea. Ahsanteni.